Filamu ya migodi ya Masara yahitaji sikio na subira kabla ya kamera ghali

KATIKA kituo cha kibiashara cha Masara, eneo la Suna Magharibi, Kaunti ya Migori, mgeni huzisikia mashine za kusagia mawe yenye dhahabu kabla hajayaona mashimo yanakotoka mawe hayo. Kijana aliyezaliwa hapo ameuzoea mngurumo huo hata hausikii tena. Simu yake haina mazoea hayo. Anapoielekeza kwa mchimbaji na kuanza kumhoji, hunasa mashine, bodaboda, jogoo na mazungumzo ya wapita njia kwa uzito ule ule. Usiku anapoitazama kazi yake, hujikuta ana picha safi ya mtu anayefungua na kufunga mdomo.

Hapo ndipo filamu nyingi za wanaoanza huzimikia. Mtazamaji humvumilia mwelekezi ambaye picha yake imetikisika kidogo au ina giza. Hamvumilii yule anayemlazimisha kutega sikio kila sentensi. Hata hivyo, kijana akipata shilingi elfu ishirini za kwanza, aghalabu hukimbilia lenzi au simu yenye kamera bora zaidi, na sauti ikaachiwa bahati.

Mfano unaotajwa sana na wanaotetea upigaji filamu kwa simu ni Tangerine, filamu ya Mmarekani Sean Baker iliyotoka 2015 na kupigwa kwa simu za iPhone 5S jijini Los Angeles. Kisichotajwa sana ni kwamba sauti ya filamu hiyo haikutegemea simu hizo. Ilinaswa kando, kwa vifaa vya kitaalamu. Baker aliokoa pesa kwenye picha, wala si kwenye sauti.

Sauti kwanza

Kanuni ya msingi ni umbali. Kila umbali baina ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti inayofika hupungua hadi robo, ilhali kelele za mashine iliyo upande wa pili wa barabara hubaki vile vile. Kwa hivyo maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, ikiwa shibiri moja kutoka mdomoni, humshinda mtu mwenye kamera ya laki mbili aliyesimama hatua nne mbali.

Asiye na maikrofoni hiyo anaweza kuazima simu ya pili, akaizima mawasiliano, akaanza kunasa sauti na kuitia katika mfuko wa shati wa anayehojiwa. Kisha mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera. Kofi hilo huonekana kwenye picha na kusikika kwenye simu zote mbili, na mhariri hulitumia kuzilinganisha. Wakati wote huo, hedifoni ziwe masikioni. Mwelekezi asiyesikiliza kinachonaswa hana tofauti na mpishi asiyeonja mchuzi.

Mwenyeji ana faida ambayo kikosi kutoka Nairobi hulazimika kuilipia. Anajua mashine ipi huzimwa saa ngapi, siku ya soko ni ipi, na kanisa lipi hufungulia vipaza sauti alasiri. Anaweza kumwendea mwenye mashine na kumwomba dakika kumi za kimya, na akapewa, kwa kuwa mama zao huteka maji pamoja. Mahojiano yafanywe asubuhi. Katika bonde la Ziwa Victoria mvua za radi juu ya nchi kavu hupenda kuanguka alasiri, na hakuna maikrofoni inayoshindana na mvua juu ya mabati.

Baada ya mahojiano, mashine zenyewe zinaswe peke yake kwa dakika moja kamili, bila mtu kusema. Vivyo hivyo chumba kitupu, na mahali pa kuoshea mchanga. Sauti hizi ndizo mhariri atazitandaza chini ya maneno, kwa kiwango anachotaka yeye. Mngurumo uliokuwa adui asubuhi hurudi jioni ukiwa mali.

Jua la Migori na saa za serikali

Saa za Kenya hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ambayo iko mbali baharini. Migori iko karibu na nyuzi 34 na nusu, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Ndiyo sababu jua la huko huchelewa kwa takriban dakika 40. Huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, hufika utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana kutegemea mwezi, na huzama muda kama huo baada ya saa kumi na mbili jioni. Anayefuata vitabu vilivyoandikwa Ulaya atadhani ana saa mbili za mwanga mtamu wa dhahabu. Karibu na ikweta jua hupanda wima. Saa moja baada ya kuchomoza mwanga huwa umeanza kuwa mkali, na baada ya machweo giza huingia kwa dakika kama ishirini tu.

Picha za nje basi zipangwe kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Katikati ya mchana jua huchimba vivuli vyeusi chini ya nyusi na kuyaficha macho, na filamu isiyo na macho ya mtu ni vigumu kumfikia mtazamaji moyoni. Saa hizo zitumike kwa picha za ndani, mikono ikifanya kazi, au chakula cha mchana.

Kuna kosa jingine ambalo si la mpiga picha peke yake. Kamera hukadiria mwanga kwa wastani wa kila inachokiona. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya anga nyeupe au ukuta wa mabati mapya, kamera hudhani mwanga umezidi na kumtia giza. Teknolojia hii ina historia yake: kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na wanawake weupe, na ngozi nyeusi ikabaki tatizo la mtu mwingine. Tiba ni rahisi. Mhusika akae kwenye kivuli, chini ya mwembe au kizingitini mwa mlango, uso wake ukielekea palipo na mwanga, na nyuma yake pawe na kitu cheusi zaidi. Mpiga picha abonyeze uso huo kwenye kioo cha simu na kushikilia hadi kipimo cha mwanga kifungwe. Shuka nyeupe iliyoshikwa na rafiki upande wa pili hurudisha mwanga shavuni bila gharama.

Jioni dukani, kwenye taa za umeme, mistari myeusi inayopanda kwenye picha hutokana na simu iliyowekwa kwa kipimo cha Marekani, fremu 30 kwa sekunde. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50 huiondoa mistari hiyo mara nyingi.

Si kila kisa cha sehemu hizi kiko chini ya ardhi. Upande wa ziwani, Homa Bay na Muhuru, wavuvi wa omena huenda majini usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, wakiwasha taa za kuwavuta samaki. Taa hizo tayari ni mwanga wa filamu: kamera iwekwe ili taa iwe kando ya uso wa mvuvi, isiwe nyuma ya mpiga picha, na giza linalobaki liachwe liwe giza. Anayepiga picha avae jaketi la kuokolea maisha hata kama wavuvi wenyewe hawana.

Dhahabu ni mtego

Kurudi Masara, kila anayefika na kamera hutaka kuonyesha dhahabu. Dhahabu yenyewe, katika kiganja cha mchimbaji, ni punje hafifu ambayo haijai kucha. Kisa kiko kwa anayeitafuta.

Filamu yenye kichwa "Migodi ya Masara" haina kisa bado. Yenye mwanamke anayeosha mchanga wa wenzake ili alipe karo kabla shule hazijafunguliwa ina mtu, ina haja, ina kikwazo na ina tarehe ya mwisho. Nairobi Half Life, iliyoelekezwa na David Gitonga na kutoka 2012, ilionyesha uhalifu, umaskini na polisi wa jiji, lakini kilichoibeba ni kijana mmoja wa mashambani aliyetaka kuwa mwigizaji. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupendekezwa kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni.

Akishapatikana mtu huyo, kazi yake ndiyo itakayoupa upigaji picha mpangilio. Mwamba huvunjwa, hupandishwa kwa kamba, husagwa, huoshwa juu ya magunia yanayonasa chembe nzito, kisha huchanganywa na zebaki kwenye karai, na donge linalopatikana huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mwisho ni mizani ya mnunuzi. Kila hatua ipigwe mara tatu: kwa mbali ili mahali paonekane, kwa wastani ili mtu aonekane akifanya, na kwa karibu sana kwenye mikono. Kila kipande kishikiliwe sekunde kumi bila kusogeza kamera wala kuvuta picha. Wanaoanza huzungusha kamera kama mtu anayefukuza nzi, na mhariri hapati hata sekunde tatu zilizotulia. Miguu mitatu ya kamera ikikosekana, gunia la mchanga juu ya jiwe latosha.

Mizani ndiyo inayostahili siku nzima. Hapo jasho la wiki hugeuka kuwa namba, na namba hiyo husomwa na mtu mwingine. Kamera moja ikipata mkono wa mnunuzi, na baadaye, mauzo mengine, uso wa muuzaji akingoja, mtazamaji ataelewa uchumi wa mgodi bila mtaalamu kumweleza.

Zebaki ina ugumu wake. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, hivyo hauwezi kupigwa picha, ilhali ndio unaodhuru ubongo na figo. Mwelekezi hana budi kuonyesha kilicho karibu nao: mtoto anayecheza upande upepo unakoelekea, sufuria ile ile itakayopikiwa jioni, dirisha lililofungwa. Yeye mwenyewe asimame upande upepo unakotoka, na mbali.

Ndani ya shimo asiingie. Visa vya mashimo kuporomoka na kuua wachimbaji vimeripotiwa mara kwa mara katika Kaunti ya Migori, na hewa ya chini huweza kuisha bila dalili. Baadhi ya vijana hufunga kamera ndogo kwenye kofia ya mchimbaji. Hilo halina ubaya maadamu anashuka kwa kazi yake ya kila siku. Lakini akiombwa arudi chini kwa sababu picha ya kwanza haikutoka vizuri, hiyo si kazi yake tena, na ajali ikitokea lawama haitakuwa ya mwenye shimo peke yake.

Uso wa mtu si mali ya mpiga picha

Sheria ya Madini ya 2016 huwataka wachimbaji wadogo wawe na kibali, na si kila anayechimba anacho. Maana yake ni kwamba picha inayomvutia mwelekezi yaweza kumfikisha mchimbaji kortini, au kumgombanisha na mwenye ardhi, au kumtia aibu kwa wakwe ambao hawajui anafanya kazi gani. Mashimoni pia huonekana watoto, na mwelekezi ataona, kwa haki, kuwa jambo hilo lapaswa kujulikana. Uso wa mtoto usitiwe kwenye filamu bila ridhaa ya mzazi, na hata ridhaa ikitolewa, mara nyingi mgongo, miguu yenye matope na sauti ya nyundo hutosha kusema yote.

Ridhaa haipatikani kwa kutia sahihi haraka. Siku ya kwanza na ya pili kamera ibaki mkobani. Mwelekezi aeleze kwa Dholuo, au kwa lugha yoyote anayoijua mhusika, filamu itaonyeshwa wapi, na aseme wazi kwamba ikishawekwa kwenye YouTube hairudishwi. Makubaliano yenyewe yarekodiwe kwa sauti. Kuhusu malipo, kumlipa mtu ili aseme jambo huyachafua maneno yake. Kumfidia aliyepoteza kutwa ya kazi kwa ajili ya filamu ni jambo tofauti na la haki, na kiasi kitajwe mbele ya wenzake.

Kuna njia ya kwenda mbali zaidi. Thank You for the Rain, filamu ya 2017, ilianza wakati Julia Dahr wa Norway alipofika kwa mkulima Kisilu Musya, Kaunti ya Kitui, ili atengeneze filamu juu yake. Musya alipewa kamera na kwa miaka akapiga picha familia yake, ukame, na dhoruba iliyobomoa nyumba yake. Filamu ikatoka ikiwa na jina lake miongoni mwa waliyoitengeneza. Picha ya dhoruba ile haingepatikana kwa mgeni, kwa sababu usiku wa dhoruba mgeni hayupo.

Serikali nayo ina neno. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyopo tangu miaka ya 1960, inataka leseni kwa filamu inayokusudiwa kuonyeshwa umma au kuuzwa, na Bodi ya Kuainisha Filamu huipitia kabla haijaonyeshwa. Wengi huanza bila kujua hayo na kusimamishwa katikati ya kazi. Droni huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Anayetaka kupiga picha kwenye kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018, apitie kwanza Makavazi ya Kitaifa. Barua ya chifu si leseni, ila bila chifu kujua, siku ya kwanza huweza kuishia kwenye kituo cha polisi.

Picha zinapotoka shambani

Picha za 4K kwenye simu nyingi za kisasa hula takriban megabaiti 170 kwa dakika, yaani gigabaiti kumi hivi kwa saa. Siku tano za kupiga saa mbili mbili hujaza gigabaiti 100. Kwa hivyo wengi hufuta za zamani ili wapate nafasi. Nabwana Isaac wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na filamu hiyo ikaja kutazamwa na mamilioni duniani. Lakini ili apate nafasi kwenye kompyuta yake kwa filamu iliyofuata, alifuta nakala asili. Kilichobaki ni nakala hafifu ya DVD, na ndiyo dunia inayoitazama hadi leo. Diski mbili za nje, moja ikihifadhiwa nyumba nyingine, ni gharama ya kuwekwa kwenye bajeti kabla ya lenzi. Asiyezimudu na apige kwa ubora wa 1080, ambao hula kama theluthi tu ya nafasi hiyo.

Uhariri waweza kufanywa bure, kwa DaVinci Resolve kwenye kompyuta yenye nguvu au kwa CapCut kwenye simu. Kinachochosha ni kusikiliza upya mahojiano yote na kuyaandika, neno kwa neno, kisha kuyatafsiri. Manukuu yasizidi mistari miwili, nayo yakae kwenye kioo muda wa kutosha kusomwa na mtu asiyesoma haraka. Sam Soko alimfuatilia mwanaharakati Boniface Mwangi kwa miaka kadhaa kabla ya Softie kufika tamasha la Sundance mwaka 2020, na tuzo waliyoipata huko ilikuwa ya uhariri.

Muziki wa benga ni kishawishi kikubwa kwa mtu wa Migori au Homa Bay, kwani hapa ni nyumbani kwake. Wimbo una mwenyewe, hata kama mtunzi ameaga dunia, na YouTube huweza kuiondoa filamu au kumpa mapato yake mwenye wimbo. Mpiga gitaa wa kijijini akilipwa ili atunge dakika tatu mpya, kwa makubaliano yaliyoandikwa, filamu hupata sauti isiyosikika kwingine.

Onyesho la kwanza lifanyike Masara, kabla filamu haijakamilika, wahusika wakiwa mbele na mwelekezi ameketi kando akiwatazama wao badala ya kioo. Watakapoanza kunong'onezana, kipande hicho ni kirefu mno. Watakapokosoa jinsi zebaki ilivyoonyeshwa ikimiminwa, arudi na kamera. Na yeyote atakayeomba uso wake uondolewe usiku huo, uondolewe, kwa sababu kesho yake filamu ikishapanda mtandaoni hakutakuwa na wa kuombwa.